Kidole Gumba cha Mama Dirisha

Mama Dirisha hakuzaliwa na jina hilo, lakini miaka ishirini na saba nyuma ya dirisha namba tatu la ushirika wa akiba na mikopo inatosha kumfuta mtu jina alilopewa na wazazi. Wanachama wakiingia hawaulizi dirisha lipi lina nafasi. Wanakwenda la tatu, hata foleni izunguke nguzo, kwa sababu pale mtu huulizwa kwanza goti la mama mkwe linaendeleaje, ndipo aulizwe anaweka au anatoa. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa vidole viwili, kisahani cha sponji lenye maji, na miguu mitupu. Ndiyo, mitupu. Ikifika saa nne asubuhi miguu inavimba, viatu vinavuliwa chini ya meza, na mwanachama huko nje haoni kitu.

Mageuzi ya teknolojia alikwisha kuyaona mawili na yote akayazika. Mara ya kwanza zilikuja kompyuta kwa mbwembwe, zikafunikwa vitambaa vya kufuma zisiingie vumbi, na vumbi likaingia vilevile. Mara ya pili wanachama waligawiwa kadi, halafu mashine ya kuzisoma isije. Mafundi rangi wakagundua kwamba kadi zile zinakwangua rangi kuukuu vizuri ajabu. Kila mradi ulipolala chali, Mama Dirisha alifungua droo ya chini, akatoa daftari kubwa aliloambiwa alichome, na watu wakahudumiwa. Kwa hiyo meneja alipotangaza mradi wa tatu, yeye aliitikia tu, kama unavyomwitikia mgeni unayejua hatalala.

Safari hii ilikuwa alama za vidole. Saini basi, vitabu basi. Mtumishi anafungua mashine kwa kidole gumba, mwanachama anathibitisha kwa kidole gumba. Kwa nini gumba tu na vidole vingine vipo vimekaa bure, muulize aliyeutengeneza mfumo, mimi sijui. Mtaalamu aliyekuja kuufunga alikuwa bwana mmoja wa makamo mwenye kitambi cha heshima, ambaye jibu lake kwa kila swali lilikuwa "tunasasisha". Siku ya pili tu watu wakawa wanamwita Sasisha.

"Weka gumba hapa, mama," alisema, akimsogezea kijidude chenye kioo na waya.

Akaweka. Taa nyekundu. Akafuta, akaweka tena. Nyekundu. Sasisha akauvuta mkono wake hadi kwenye mwanga, akauchungulia kama anatafuta mwiba.

"Mama, hiki kidole hakina mistari."

Ingetoka wapi? Noti za miaka ishirini na saba zilikuwa zimeila yote. Wakajaribu gumba la kushoto, nalo lilikuwa na kovu la pasi ya mumewe, fundi cherehani, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nyekundu.

"Tunasasisha," alisema Sasisha, lakini kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na tarehe. Jumatatu ni uzinduzi, Ijumaa ni jaribio. Atakayeshindwa kufungua mashine mara tatu mfululizo atahamia stoo ya mafaili. Stoo ile ina balbu moja, panya wenye vyeo, na haina dirisha hata dogo la kupitisha mkono. Mama Dirisha aliposikia hivyo alilitazama dirisha lake. Watoto wake walishahama wote, nyumbani maneno ni machache, na lile dirisha ndilo lililomletea watu kila siku. Alilipenda, basi.

Mumewe alilichukulia jambo hilo kwa uzito wa kitaalamu. "Kidole kimechoka," alisema. "Kipumzike, mistari itarudi." Tangu jioni ile akamkataza asiguse sufuria wala ufagio. Akaosha vyombo yeye, akafua yeye, na kila usiku akamkanda gumba kwa mafuta na kulifunga kitambaa. Asubuhi wanalifungua, wanalikodolea macho dirishani, na limebaki laini vilevile.

Alhamisi mchana maji yalikuwa yamemfika shingoni. Sasisha alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza namba tatu akipanga nyaya, akaacha kile kijidude sakafuni kikisubiri kusajili alama ya mtumishi, akaenda kutafuta koleo. Mama Dirisha akajisukuma na kiti chake mbele, miguu mitupu kama kawaida yake, akakanyaga kitu cha baridi. Kitu kikalia. Kwenye kompyuta taa ikawa ya kijani na maandishi yakatokea: Karibu, Mtumishi Namba Tatu.

Akachungulia chini. Lilikuwa gumba la mguu wa kulia.

Hakumwambia mtu. Ijumaa alikiacha kijidude palepale chini, akasema meza imejaa, na mbele ya meneja akafungua mashine mara tatu huku mikono yote miwili imetulia mapajani. Meneja alifurahi mno hata hakuuliza alitumia nini.

Jumatatu ukumbi ulijaa wanachama na wageni waalikwa. Mwanachama wa kwanza kusajiliwa alikuwa mwenyekiti wa ushirika, mwashi mzee aliyezijenga kuta za jengo lile kwa mikono yake. Naye, kama wote, akaenda dirisha la tatu. Mama Dirisha akamtolea kijidude. Nyekundu. Akaoshwa mkono, akafutwa, akabadilisha wa pili. Nyekundu. Saruji ilikuwa imevila vidole vyake tangu ujana. Meneja, jasho likimtiririka, akaweka gumba lake kuonyesha kwamba mashine ni nzima, na taa ikawaka kijani papo hapo. Kidole chororo kile, kazi ngumu kuliko zote kilizowahi kufanya ni kubonyeza kengele.

"Kwa hiyo nyumba niliyoijenga hainijui," alisema mzee taratibu. Akavaa kofia yake, akageuka kwenda nyumbani.

Mama Dirisha akaiona stoo, balbu na panya wake wote. Akaona pia mgongo wa mzee ukielekea mlangoni. Akapiga moyo konde.

"Mzee wangu, rudi. Vua kiatu."

"Mama, hebu tuheshimiane," alisema meneja.

"Namheshimu, ndiyo maana namwambia. Mimi mwenyewe nimeingia kwa mguu tangu Ijumaa."

Akazunguka meza, akaja mbele za watu bila viatu, akakiweka kijidude sakafuni na kukikanyaga. Karibu, Mtumishi Namba Tatu.

"Huo ni udanganyifu," alisema meneja. "Leo hii unahamia stoo."

"Ngoja kwanza," alisema mzee, ambaye tayari alikuwa ameinama anahangaika na kamba. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na yeye alishavua soksi. Akakanyaga. Kijani. Akaitazama taa ile kwa muda, kisha akamtazama meneja. "Huyu akienda stoo, mimi na mguu wangu tunamfuata."

Nyuma yake dobi alikuwa ameshavua ndala. Mfinyanzi naye. Foleni nzima ikaanza kuinama, na meneja, alipoona wageni wanamtazama, akaenda kutafuta taulo.

Siku hizi kijidude cha dirisha la tatu kimepigiliwa kwenye kibao chini, kando kuna beseni la maji, na foleni bado inazunguka nguzo. Siku ile ya uzinduzi Mama Dirisha alirudi nyumbani akakuta mumewe yuko kwenye karo, mikono imejaa povu.

"Vipi, kidole kimekubali?" aliuliza.

Mama Dirisha akaketi, akainua miguu yote miwili juu ya kigoda, akalitazama gumba lake la mkono.

"Bado," alisema. "Wanasema kipumzike kama miezi sita hivi."