Shemeji na Kompyuta Isiyosikika

Shemeji yangu, mume wa dada, anaunda kompyuta isiyo na kelele. Kila skrubu anaivalisha raba, feni kachagua kubwa la kuzunguka polepole, kisha analaza sikio juu ya kasha na kufoka, "Nyamazeni!" Watoto wananyata. Dada anasimamisha cherehani, hiyo hiyo inayowalisha. Jana shemeji aliiwasha kompyuta yake, akatuita, na kweli haikusikika hata chembe. "Mnasikia?" akabwata mpaka majirani wakachungulia dirishani. "Kimya! Mikono yangu hii!" Hakukoma. Dada akaokota raba iliyobaki mezani, akamsogezea mdomoni taratibu. "Baba watoto," akamwambia, "kelele imebaki moja tu." Akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu zote.