Mama Mkwe na Daktari Mwenye Huruma ya Bima

Mama mkwe wangu aliwapikia wanafunzi wa bweni hadi akastaafu na vitu viwili: goti bovu na bima ya afya. Goti lilimuuma yeye. Bima ilimpendeza daktari.

Enzi hizo bima ilimlipa daktari kwa kila kipimo alichofanya, na daktari wetu alijaa huruma. Goti likishapigwa picha, huruma ilipanda kifuani, ikashuka kwenye figo, ikaishia machoni.

"Mama, tusiache kitu," alimwambia, kamshika mkono kama mwanawe wa kumzaa.

Mama mkwe alirudi na pamba kiwikoni, uso unang'aa. "Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunichunguza hivi."

Goti liliendelea kuuma.

Kisha bima ikabadili utaratibu: daktari apewe kiasi kilekile kwa kila mwanachama, apime asipime. Ajabu ya Mungu, mtaa mzima ukapona. Nilimpeleka mama mkwe anakohoa, kifua kinakoroma kama birika linalochemka. Daktari hakuinuka kitini.

"Ni uzee tu, mama. Kunywa maji ya uvuguvugu."

"Na picha ya kifua?" nikauliza.

"Mionzi si mizuri kwa afya."

"Mwaka jana ilikuwa mizuri."

Akatabasamu, akaita mgonjwa mwingine.

Homa ilipozidi, mume wangu alimbeba mgongoni hadi zahanati ya serikali. Muuguzi alimsikiliza kifua, akasema ni nimonia, akaanza sindano. Nilikaa kando ya kitanda nikimwombea. Tumegombana jikoni mara nyingi, lakini sikuwa tayari kumpoteza. Akapona, kakonda kama uzi.

Juzi bima ikatangaza bahashishi kwa daktari atakayewapima presha wazee wengi zaidi. Asubuhi yake tu tukasikia hodi.

"Shikamoo, mama. Nimekukumbuka sana."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani umehama."

Akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akaandika, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Ipo juu?" mama mkwe akauliza.

"Juu kidogo."

"Sasa nifanyeje?"

Daktari alikuwa ameshavaa viatu. "Mpango huu ni wa kupima tu, mama."

Tukaenda zahanati. Muuguzi akampa vidonge, akampiga marufuku kula chumvi. Mama mkwe amenuna mpaka leo. Anasema chakula changu kilikuwa chapwa tangu zamani, na sasa nimepata kibali cha serikali.