Samaki wa Birika la Bi Israa

Wifi yangu Israa, mke wa marehemu kaka yangu, ni mtu wa usafi. Mtaani kwetu mtu akitaka kumsifu bibi harusi husema anang'ara kama choo cha Bi Israa, naye akisikia hucheka bila kukataa.

Birika lake la maji, lililojengwa humo chooni, ni la kale, la mawe na chokaa, na ndani yake, kama mabirika yetu yote, hukaa samaki wadogo wasiofika urefu wa kidole. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Nimewajua tangu sijafikia ukingo wa birika kwa kimo. Huletwa na Dawud wa Siyu, kama baba yake alivyokuwa akiwaleta, ndani ya dumu lililokatwa mdomo.

Mvua kubwa ziliponyesha, maji ya visima yaliingiliwa na ya vyoo, tukaambiwa tuyatibu. Israa akatia kidogo ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Akasikia habari za homa ya mbu, akaongeza matone ya dawa ya mbu ya dukani. Kuta za birika akazisugua kwa sabuni ya maji yenye harufu ya waridi, isiyosuzika ikaisha yote. Kila kitu kidogo, na kila kitu kwa nia njema.

Samaki hawakufa. Afadhali wangekufa, tungejua. Walikonda, vichwa vikawa vikubwa kuliko miili, wakakaa juu ya maji wakihema, na viluwiluwi vikawapita mbele ya macho.

Ikafika hitma ya kaka yangu. Nyumba imejaa, wanawake wanatia udhu, na ndani ya kata viluwiluwi vinacheza. Bibi mmoja wa Matondoni akauliza, kwa upole kabisa, kama hayo ndiyo maji yaliyosifiwa.

Israa akatoka hadi mlangoni. Dawud alikuwa ameketi barazani na wanaume, kaja kusoma kama wengine.

"Dawud, umeniletea samaki wagonjwa," akasema, na kila mtu akasikia. "Samaki wa mtaroni, ukawatia kwenye mai ya watu wa swala. Babako hangefanya haya."

Dawud akavaa viatu akaondoka bila kula. Baada ya siku chache dumu lake lilikuwa likirudishwa kila mlango, hata msikitini.

Mpangaji wa Israa ghorofani ni mwalimu Nerea, mtu wa bara, anayesomesha sayansi. Alikuja kwangu akaomba samaki wachache, akawatazama walivyonenepa, akauliza wametoka wapi. Nikamwambia wametoka kwenye dumu lile lile la Dawud. Aliponitazama niliinamisha uso, kwa kuwa nilikuwa nalijua hilo siku ya hitma na sikufungua mdomo.

Nerea akawagawa katika chupa. Moja maji matupu, moja dawa ya nguo, moja ya mbu, moja sabuni, na ya mwisho vyote vitatu kama birikani. Akawapa viluwiluwi, kisha akatuita. Katika zile nne za kwanza samaki walikuwa wamekula, ingawa wengine polepole. Katika ya mwisho walihema mbiombio, na viluwiluwi vyote vimo.

"Kila kitu nilitia tone tu, mwalimu," Israa akasema.

"Ndiyo, Bi Israa, na tone peke yake walilistahimili. Lakini matone yakikutana, mwili wa samaki unamaliza nguvu zake kupigana na sumu. Nguvu ya kutafuta chakula haibaki. Na hata akila, hanenepi."

Israa akaiinua ile chupa. "Na mai haya ndiyo tuliyotilia udhu," akasema.

Alinituma kwa Dawud na sahani ya halwa. Dawud alinikaribisha vizuri, akanirudishia sahani ikiwa imefunikwa vile vile. "Bi Ibtihal," akaniambia, "mimi sikutukanwa jikoni."

Basi Ijumaa, baada ya swala, Israa akamwita Dawud, akasimama mlangoni pale pale, wanaume wamejaa barazani.

"Dawud, samaki wako walikuwa wazima. Mai ndiyo yaliyoharibika, na aliyeyaharibu ni mimi. Nisamehe."

Mzee Bakr, ambaye masikio yamemwacha, akauliza bibi anasema nini. Ikabidi Israa ayarudie yote kwa sauti ya juu.

"Nimesamehe, Bi," Dawud akasema. Akamwagiza alimwage birika, alisuze, alitie maji matupu. "Likishaota viluwiluwi niite. Nikiwaleta kabla, watakula nini?"

Msikitini wamempokea tena. Nyumba mbili bado husema wale wa mtaroni, na Israa akipita hapo hutazama chini. Ule usemi wa bibi harusi nao, watu hutazamana kwanza kabla ya kuusema.

Wageni wakija Israa huwaonyesha birika mwenyewe, bila kulifunika. Jana viluwiluwi vya kwanza vilionekana. Nikamwambia nitatuma mtu kwa Dawud. Akakataa. Leo asubuhi kavaa buibui, kapanda mashua ya Siyu, kaenda kumwita mwenyewe.