Shule ya Udereva Isiyo na Mafuta

Profesa wetu wa udereva hakujua kuendesha gari. Alitutangazia hivyo siku ya kwanza, bila haya, amesimama mbele ya boneti kama padri mbele ya altare. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha walimu namna ya kufundisha, mpaka vita vikafunga chuo chake, naye akabaki na gari kuukuu la marehemu kaka yake na kichwa kilichojaa nadharia.

"Mukunga si lazima awe amezaa," alituambia. "Mi sifundishi gari. Nafundisha mutu."

Mimi mwenyewe ni mwalimu, na maneno ya namna hiyo niliyasikia hadi yakanitoka puani. Lakini nilikuwa na haraka. Vita vilikuwa vimenitoa mtaa wa Kinama, darasa langu limefungwa, nimehamia kwa dada yangu mtaa wa Mutanga Nord. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji yangu alinipa jembe kabla sijatua begi. Kila asubuhi aliniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nimelala vizuri na kama nina mpango. Basi zahanati moja ya kilimani, juu ya mji, ikawa inatafuta dereva wa kike wa kubeba wajawazito. Kazi ilikuja na chumba. Walinipa hadi mwisho wa mwezi niwe nimeleta leseni. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyoitaka amani, Mungu anisamehe.

Tatizo lilikuwa mafuta. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, petroli inauzwa kwa chupa, kwa kificho, kama pombe ya magendo. Gari la profesa halikuwa limeonja hata tone. Yeye aliona hiyo ni baraka: moteri ikinguruma, alisema, humchanganya mwanafunzi.

Tulikuwa wanafunzi watatu: mimi, mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza vitenge Buyenzi, na karani kijana aliyetaka leseni ili akubaliwe na wakwe. Wiki ya kwanza tulisoma kwa nadharia ya mtungi mtupu, ambapo mwalimu humimina na mwanafunzi hupokea. Tuliketi ndani ya gari lililosimama, tukaimba kwa pamoja klachi, gia na mafuta kwa Kifaransa chetu: ambreyaji, vitesi, aksileratere! Profesa akapiga dashibodi kwa rula. Moteri tuliitoa mdomoni, vruuum, tukibadilisha sauti kila tulipobadilisha gia. Mzee wa vitenge alikuwa na moteri nzuri kupita sote, ya lori.

Mtungi ulipokataa kujaa, tukahamia nadharia ya tuzo na adhabu. Ukikanyaga klachi ipasavyo, unapewa karanga. Ukikosea, rula kwenye vidole. Karani alijifunza haraka sana kula karanga. Mzee wa vitenge alipigwa rula mara moja tu, akageuka polepole.

"Wallahi, mwalimu, mi niko na wajukuu. Ukinigusa tena, mi nakupiga na hii usukani."

Adhabu ikafutwa siku hiyohiyo kwa sababu za kitaalamu.

Iliyofuata ndiyo aliyoipenda profesa kuliko zote: mwanafunzi agundue mwenyewe. Barabara ya Mutanga inateremka vizuri kuelekea mjini, na gari lisilo na mafuta bado linajua kushuka. Wawili wanasukuma, mmoja yuko kwenye usukani, profesa pembeni amefumba macho. Sikuambiwa breki iko wapi. Nilitakiwa niigundue. Niliigundua mbele ya meza ya mama muuza nyanya, nusu ya nyanya zake zikiwa tayari chini ya magurudumu.

"Munajifunzia kwa mali yangu!" mama alipiga kelele. "Kama ni shule, mi njo directeur, nawafukuza bote!"

Tukila nyanya zilizopondeka, profesa alitueleza kwamba sasa breki sitaisahau maisha yangu yote. Ukweli ni kwamba sijaisahau. Hilo ndilo linaloniudhi.

Basi mafunzo yakawa hivyo. Kushuka tuliendesha, kupanda tulisukuma. Wakati wa kupanda, profesa ndiye aliyeshika usukani, maana lazima mtu mwenye elimu aongoze. Nilipata misuli ya mbeba saruji, lakini gari likipanda kwa nguvu zake sikuwahi kuliona.

Siku ya mtihani, afisa alikuja na gari lake, lenye mafuta. Niliketi, nikafunga mkanda, nikatoa breki ya mkono, nikatulia.

"Unangoja nini, mama?"

"Nangoja wasukume, chef."

Akanionyesha ufunguo. Nikawasha. Gari likanguruma, nami nikaendelea na kazi niliyoizoea: vruuum.

"Mama," alisema afisa, "moteri iko na sauti yake."

Nilijua chumba kimekwenda. Akilini nilimwona shemeji mlangoni na upole wake. Kwenye tambarare nilijikongoja tu, na tulipofika kwenye mteremko nikafanya jambo pekee nililolimudu: nikazima moteri, nikaliacha gari lishuke.

"Kwa nini umezima?"

"Kuchunga essence, chef."

Nilidanganya kuhusu mafuta. Sikujua namna nyingine ya kushuka. Lakini afisa aliutazama mshale wa mafuta uliokuwa karibu kulala kabisa, kisha akanielekeza kona moja, na nyingine, hadi tukasimama polepole mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kupanda hakunipima, kupanda kunakula mafuta. Alisaini leseni juu ya goti lake.

Nilihamia kilimani kabla wino haujakauka.

Safari yangu ya kwanza kwa gari la zahanati ilikuwa Kinama, mimi na mkunga wao, mwanamke mpana asiyecheka. Tulimkuta mama mjamzito yuko kwenye uchungu mkali, tukamlaza kiti cha nyuma. Jua linashuka, saa ya kufunga barabara inakaribia, na upande wa milima risasi zimeanza. Mlima wa zahanati ulipoanza, gari likazimika. Nikawasha, likazimika tena, likaanza kurudi nyuma. Breki, asante, niliikumbuka.

"We, unajua kuendesha ao apana?" mkunga aliuliza.

"Kushuka najua."

Hakuna aliyecheka. Niliogopa kuliko siku niliyokimbia nyumba yangu, maana siku ile nilikuwa nakimbia na roho yangu tu. Nilijaribu wimbo wa ambreyaji. Gari likazimika. Ndipo yule mama, kutoka nyuma, alinishika bega kwa kucha zote.

"Dada," alisema, "panda."

Nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikaachia klachi polepole, na gari likapanda likilia, kwa gia ya kwanza, mlima mzima. Gia ya pili sikuthubutu hata kuifikiria.

Baadaye nilikuwa uani nikiosha kiti cha nyuma. Mkunga akatoka akijifuta kwa taulo. Nikammwagia hasira yangu yote: kwamba nusura niwaue, kwamba nimefundishwa na mtu asiyejua kuendesha, kwamba watu kama hao wafungwe.

Mkunga akalitupia taulo begani.

"Na mi sijazaa," alisema. "Hata siku moja."

Akachukua ndoo, akanisaidia kumwaga maji. Ndani mtoto alikuwa analia kwa nguvu, na wala hakuna aliyemfundisha.