Nyakato Amenyimwa Kahawa

Mmeniganda niandike habari za Ma Agnetha kama vile sina maharage ya kupukuchua. Haya, someni, na asinikatize mtu.

Ma Agnetha ni fundi cherehani wa Kashai, miaka sitini na mitatu, na kwenye gemu la simu la Nyakato hajapatikana wa kumshinda. Nyakato ni yule msichana wa mchezo wa redio alioutunga mzee wetu Ta Kahangwa wa Muleba. Zamani gemu lake alilitengeneza yeyote aliyeelewana na mzee. Kisha kampuni moja ya Dar ikachukua kibali cha kulitengeneza yenyewe tu, ikaahidi gemu jipya, zuri kuliko yote. Ma Agnetha alingoja miaka miwili. Siku lilipotoka aliacha gauni la bibi harusi likiwa na mkono mmoja, mbio hadi duka la simu la Dharmesh, Miembeni, awekewe.

"Ma Agnetha, umevaa viatu tofauti."

"Viatu havichezi gemu. Weka!"

Akaanza pale pale kaunta. Kwenye skrini Nyakato akafika mlangoni kwa mzee mmoja wa kisiwani. Ma Agnetha akampigisha magoti, akangoja. Katika gemu la zamani mwenyeji alitoka na akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Mgeni akatafuna, nguvu zikaongezeka, ndipo akasema shida yake. Sasa hakutoka mtu. Nguvu zikaisha, Nyakato akaanguka.

Akarudia. Akaanguka mara saba.

Dharmesh akacheka. "Ingia tu, mama waitu! Bonyeza mlango. Nguvu siku hizi zinanunuliwa."

"Niingie kwa mtu sijakaribishwa? Nimelelewa wapi mimi?"

Akawapigia kampuni. Binti aliyepokea akamjibu kwa upole kwamba kungoja kunawachosha wachezaji, na kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitengeneza gemu hilo.

"Yaani mmemfungia Nyakato kwenu, na kahawa hamumpi!" Akakata simu.

Kesho yake, jua halijapanda, yuko Muleba. Ta Kahangwa alimletea akamwani kabla hajafungua mdomo. Ma Agnetha alipokwisha kutafuna, akampa mzee simu acheze mwenyewe. Mzee akampigisha Nyakato magoti, akangoja. Nyakato akaanguka.

"Nani amemnyima kahawa mtoto wangu?" mzee akang'aka.

"Hao uliowapa kibali, Ta."

Mzee akatoa karatasi sandukuni. Kibali kinaisha mwezi wa sita. Kampuni inataka aongeze miaka mitano, na imemwandikia kwamba wachezaji wote wameridhika.

"Basi niletee barua za wasioridhika," akasema. "Kahawa isiporudi, sitii saini. Nitampa mwingine."

Ma Agnetha alirudi Kashai akipiga vigelegele ndani ya basi, watu wakadhani ametoka harusini. Barua ya kwanza aliiandika kwenye karatasi ya kukatia nguo, herufi kubwa kama sahani.

Leo zimefika arobaini na moja, na yangu imo. Yako haimo. Kama umewahi kumsikiliza Nyakato redioni, andika leo hii, uipeleke kwa fundi, Kashai. Usiniambie hujui kuandika; mimi nimesoma darasa ngapi?