Mama Usichomoe na Sindano ya Fundi Sofa

Saa nne asubuhi benchi la chumba cha majeraha lina nafasi tele, lakini fundi sofa amesimama. Kila anayeingia anamhurumia. "Kaa, mwanangu, miguu haina spea," bibi mwenye bandeji mkononi anamwambia. Fundi anatabasamu kama mtu anayepigwa picha kwa lazima.

Muuguzi anamwita ndani. "Unaumwa wapi, baba?"

"Huku chini."

"Hata kisigino kiko chini."

Fundi anaangaza kulia na kushoto, kisha anashusha macho hadi kwenye zipu. Muuguzi anavuta pazia.

Huyu ndiye Mama Usichomoe. Jina la kwenye kitambulisho limesahaulika hata na mhasibu. Kazi yake ni kupokea watu waliochomwa na vitu mahali pasipotajwa mezani: anapima, anatibu, kisha anaingiza kwenye kompyuta msimbo wa bima unaoeleza nini kiliingia wapi.

Alisomea ukunga. "Kule nilizoea vinavyotoka vyenyewe," anasema. "Huku nikakuta vinavyoingia bila hodi."

Sheria yake ni moja: kilichoingia kibaki pale pale mpaka daktari wa upasuaji akione, maana huenda ndicho kinachoziba damu. Anamkumbuka mlinzi aliyesahau ufunguo, akaruka geti analolilinda mwenyewe, likamchoma. "Nilimwambia kwenye simu asichomoe. Akaja na nusu ya geti. Nusu nyingine ilibaki kazini."

Fundi sofa, yeye, ameshachomoa. Akiwa kazini huzichomeka sindano zake kubwa za kushonea viti kwenye mto wa kigoda chake, zisipotee. Leo moja haikupotea. Aliikalia, ikapenya kwenye mfuko wa korodani. Akaivuta, akaifunga kwenye kitambaa, na sasa anaionyesha kama risiti.

"Imetoka yote, mama. Nipe dawa niende."

"Ina pacha?"

"Pacha wa nini?"

"Sindano nyingine kama hii, tulinganishe urefu."

Pacha iko karakana. Ufunguo wa karakana anao mkewe. Na mkewe ameambiwa mumewe kaenda kung'oa jino.

"Bora nife," anasema fundi.

"Kufa hutakufa. Ila kama ncha imebaki humo itatunga usaha, na korodani inaweza kwenda nayo."

Fundi ana binti mmoja, na yeye na mkewe wamehangaika muda mrefu kutafuta wa pili. Anatoa simu.

Mke anafika na sindano mkononi. "Baba mtoto, huyo daktari wa meno siku hizi anashona na makochi?"

Mama Usichomoe anazilaza sindano mbili sambamba kwenye trei. Iliyochomolewa ni fupi kwa upana wa ukucha. Kicheko cha mke kinakatika.

Eksirei inaonyesha ncha, nyembamba kama kope, imejilaza jirani kabisa na korodani ya kushoto. Fundi anachomwa sindano ya pepopunda. "Nyingine tena?" ananung'unika, akisukumwa kwenda chumba cha upasuaji.

Mama Usichomoe anahamia kwenye kompyuta. Inataka kujua kama kitu kimebaki ndani au hakikubaki, na kila jibu lina msimbo wake. "Ningeamini maneno yake ningeandika hakikubaki," anasema, "na wote tungeendelea kutibu kidonda kitupu." Kisha inauliza chanzo cha ajali.

"Andika ukaidi," mke anamwambia, kachungulia begani kwake.

"Ukaidi hauna msimbo, dada. Ungekuwepo, kitufe chake kingekuwa kimeshachakaa."

Mchana daktari anatoka na ncha kwenye kikopo. Korodani ni nzima, haikuguswa. Mke anajibwaga kwenye benchi, anafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha anauliza kwa sauti ya chini mambo ya kutafuta mtoto yataendelea lini.

"Kidonda kikishapona," anajibu Mama Usichomoe. "Na mkague kitanda kwanza."

Sasa ana mpango wa kuzunguka karakana za mafundi siku zake za mapumziko, awafundishe pa kuweka sindano, na kwamba wakichomwa wasichomoe. Wakubwa wamemruhusu, ila kwa miguu yake mwenyewe.

Ataanzia kwa fundi sofa, ambaye amekubali kwa sharti moja: asitajwe. Mkewe ameahidi kwamba hatatajwa. Atasimamishwa mbele tu.