Alichora nyumba ya shangazi yake, familia saba zikawa moja

Saa mbili asubuhi, kabla mtandao haujaanza kusuasua, mwanamke wa miaka thelathini na minne ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa kwa mto, kompyuta mpakato ikiwa mezani mbele yake. Kwenye kioo kuna picha ya mji iliyopigwa na setilaiti. Anabofya pembe ya kwanza ya paa, ya pili, ya tatu, ya nne, na nyumba imeingia kwenye ramani ya mtandaoni.

Kwa saa moja huchora mapaa arobaini, akijitutumua sana hamsini. Kampuni inayomlipa ipo mbali, na hajawahi kumwona mtu wake hata mmoja. Mapaa ya siku nzima humpatia chakula cha siku mbili.

"Hainitajirishi, lakini hainilazi njaa," anasema bila kuinua macho.

Majirani walimpa jina la Bi Ramani. Zamani walilitamka kwa madaha, maana ndiye aliyeiingiza mitaa yao kwenye simu za watu. Siku hizi wakimwita hivyo huinamisha uso.

Chanzo ni nyumba moja ndefu, ng'ambo ya barabara kutoka chumba alichopanga. Ina milango saba, majiko saba na familia saba. Kila familia ilijenga sehemu yake kwa jasho lake, kisha wakachangishana mabati wakaezeka paa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mvua isipite katikati. Mlango wa nne ni wa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Mwaka juzi, alipolifikia paa hilo katika kazi zake, alilikata vipande saba. Nani angemfundisha nyumba aliyokulia? Kesho yake wakaguzi wa kampuni waliirudisha kazi na maneno mekundu: mpaka hauonekani, chora kinachoonekana kutoka juu. Mchoraji akirudishiwa kazi mara tatu kwa mwezi hufungiwa wiki nzima, na hiyo kwake ilikuwa ya pili.

"Nikaunganisha," anasema. "Nilibofya mara nne tu. Nilijua kabisa kuna milango saba, lakini nikasema ah, si ramani tu hii, itamuumiza nani?"

Mwaka huu amejua itamuumiza nani. Ofisi ya mji inapanua mfereji wa maji ya mvua, na nyumba zote zilizo kando yake lazima ziondoke. Kila nyumba inapewa kiwanja kimoja nje ya mji. Ili wajanja wasikimbilie kusimamisha vibanda na kudai viwanja, ofisi ilichukua nakala ya ramani ya mtandaoni kabla ya kutangaza mradi, ikaifanya ndiyo orodha. Hata Bi Ramani anakubali kwamba wazo lenyewe halikuwa baya.

Karani wa ofisi hiyo alipofika na kishikwambi chake, alipiga alama moja tu ya rangi kwenye ukuta wa nyumba ile ndefu, akageuka kuondoka. Fundi viatu wa mlango wa pili alidhani amechoka.

"Nikamwambia, ndugu yangu, bado milango sita," anasimulia fundi. "Akanionyesha kioo, akasema hapa pana nyumba moja. Mimi huyo nimesimama mlangoni kwangu, sijavaa hata viatu, naambiwa sipo."

Siku hiyohiyo Bi Ramani aliikata tena nyumba vipande saba, na safari hii hakuna aliyemrudishia. Hadi leo ukiifungua ramani utaziona zote, zimejipanga vizuri. Lakini orodha ya ofisi ilikwishafungwa.

Alikwenda ofisini mara tisa, akapigwa danadana dirisha hili na lile. Mara ya mwisho ofisa mmoja alimuuliza kwa upole ni nani aliyechora nyumba moja.

"Nikamwambia ni mimi," anasema. "Akanirudishia karatasi zangu."



Wiki mbili zilizopita familia zote saba zilikaa uani kuamua nani apewe kiwanja hicho kimoja. Bi Ramani alisimama mbele yao akaeleza alichokifanya.

"Nilimtukana," anakiri fundi viatu. "Sikutegemea atakuja kusema mwenyewe. Nilibaki na hasira, sina pa kuiweka."

Walimpa fundi kiwanja, kwa kuwa ana watoto watano na mmoja wao hatembei. Wengine kila mmoja atajua pa kujibanza. Aliyenyoosha mkono wa kwanza kumwachia alikuwa shangazi, mwenye miaka sabini na mmoja.

"Mimi nina mtoto," anasema bibi huyo, akimwonyesha Bi Ramani kwa kidevu. "Nitabanana naye humo chumbani mwake. Akikoroma nitampiga teke, kama zamani."

Bi Ramani hacheki. Anasubiri shangazi atoke nje.

"Angenisema ingekuwa nafuu," anasema. "Anajikaza kisabuni mbele yangu. Juzi nimemkuta peke yake anafagia chumba ambacho kitabomolewa."

Tingatinga litafika Jumatatu. Baadaye setilaiti itapita, picha mpya italetwa, na kila paa lisiloonekana tena litapaswa kufutwa kwenye ramani. Kazi ya kufuta kwa kawaida hupewa mchoraji anayeijua mitaa, na mitaa hii hakuna anayeijua kumshinda yeye. Amewaandikia wakaguzi akiomba ahamishiwe mji mwingine wowote, hata kwa nusu ya malipo. Hawajamjibu.

"Sina mpango mwingine," anasema. "Natumaini tu kazi ya kuzifuta watampa mtu asiyezijua."